Shangazi wa Saa za Kazi

Hapo zamani za juzi, katika Jamhuri ya Afadhali, nchi yenye amani, utulivu na mabango mengi kuliko miti, palikuwa na njia mbili za kutibiwa. Ya kwanza ilikuwa Hospitali ya Wananchi, iliyojengwa na mkoloni, ikapakwa rangi siku ya uhuru, na tangu hapo ikaachwa ijifunze kujitegemea. Ya pili ilikuwa Kituo cha Uzima cha Kimataifa, jengo la vioo kando ya barabara ya uwanja wa ndege, lililowekwa pale ili mgeni akishuka tu alione kabla hajaona kitu kingine.

Serikali haipendi watu wachanganyikiwe. Ikatunga Sheria ya Tiba: mwananchi atatibiwa kwa Wananchi, mgeni atatibiwa Kituoni, na atakayekosea njia atarudishwa. Wabunge walijadiliana asubuhi nzima mgeni ni nani hasa, maana baadhi yao walikuwa na wakwe wa nje. Mwishowe wakakubaliana, kwa makofi, kwamba mgeni ni mtu yeyote asiye na ndugu ndani ya mipaka ya Jamhuri. Kisha wakaenda kula.

Viongozi hawakutajwa katika sheria hiyo, kwa sababu wao hutibiwa ng'ambo, na si haki kumtungia sheria mtu asiyekuwepo. Hata wakati wa kisa hiki Mtukufu Rais, Baba wa Afadhali, alikuwa ng'ambo kwa miezi kadhaa katika ziara ya kikazi ya meno. Taifa lilimwombea kila Ijumaa na kila Jumapili, na siku nyingine lilimsubiri.

*

Bi Sikudhani Mwinyikombo alikuwa Shangazi wa Serikali, Daraja la Pili. Isidhaniwe ni utani, kazi hiyo ilikuwepo na ilikuwa na kiinua mgongo.

Ilianza pale mtaalamu mmoja wa kigeni alipoandika katika gazeti la kwao kwamba aliugua homa wiki nzima katika mji mkuu wa Afadhali na hakuna mtu aliyempa pole. Nchi iliona haya. Nchi ya ukarimu, ambako hata mwizi hukaribishwa maji kabla ya kupelekwa polisi! Bila kupoteza muda ikaundwa Idara ya Ndugu wa Dharura, chini ya Wizara ya Afya na Sura ya Nchi, na wakaajiriwa mashangazi, wajomba na bibi wawili wa majaribio. Walipewa kozi ya kuguna, kutikisa kichwa na kusema "umekonda" kwa sauti yenye matumaini. Kila mmoja alikabidhiwa chupa ya uji na kanga yenye nembo ya taifa, yaani kobe aliyepumzika, na chini yake kaulimbiu ya Jamhuri: WENGINE WAKO VIBAYA ZAIDI.

Mgeni akiugua, Mkurugenzi wa Ndugu, Bwana Kipingu, alisimama kando ya kitanda na kutamka rasmi: "Kwa mamlaka niliyopewa, huyu ni mtoto wa kaka yako, kuanzia sasa hadi saa tisa na nusu alasiri." Saa tisa na nusu undugu ulifungwa pamoja na ofisi, ukafunguliwa tena kesho yake asubuhi. Siku za sikukuu mgonjwa alikuwa yatima.

Bi Sikudhani aliipenda kazi yake na aliifanya vizuri, ila alikuwa na tatizo moja ambalo lilitajwa katika kila tathmini: alikuwa shangazi kweli. Alikuwa na mdomo, alikuwa na huruma, na vyote viwili havikujua saa. Mara mbili alikutwa jioni akimpelekea mgonjwa ndizi, akaonywa.

*

Siku hiyo aliitwa Kituoni kwa ajili ya Bwana Torvik, mhandisi kutoka nchi moja ya baridi ambako, kama alivyokuja kueleza mwenyewe, mtu mwenye adabu huugua peke yake na mlango ukiwa umefungwa. Alikuwa ameletwa kuishauri serikali kuhusu kipilefti kikuu cha mji, ambacho magari yalikuwa yakiingia bila kutoka. Akiwa katikati ya kipilefti hicho, tumbo lilimkata upande wa kulia akakaa chini.

Mapokezi ya Kituo yalikuwa na bwawa la samaki, chemchemi, na kinanda kilichojipiga chenyewe. Binti wa mapokezi aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Karibu sana. Ungependa kuugulia chumba kinachotazama bustani au kinachotazama bwawa?"

"Chochote kilicho karibu," alisema Torvik, jasho likimtiririka. "Nasikia maumivu ya wastani."

Bwana Kipingu akatamka maneno yake, akapiga picha, akaondoka. Bi Sikudhani alimtazama mtoto wa kaka yake mpya. Alikuwa mrefu mpaka miguu ilipita kitanda, mweupe kama sahani, na alikuwa anaomba radhi kwa kuchafua shuka kwa jasho. Papo hapo akamwonea huruma, akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Pole mwanangu."

"Asante. Tafadhali usisumbuke."

"Nisisumbuke nitakuwa shangazi gani?"

Kwanza ilibidi bima ikubali. Torvik alikuwa na bima nzuri sana ya kwao, na wakaipigia simu. Simu ilicheza muziki, kisha sauti ya mwanamke ikasema kwamba maumivu yake ni muhimu sana kwao na aendelee kusubiri. Muziki ukarudi. Alipopatikana binadamu, aliuliza kama maumivu hayo yalikuwepo kabla ya kusafiri.

"Tumbo lilikuwepo," alijibu Torvik kwa uaminifu. "Maumivu hapana."

Binadamu yule alisema wataketi kujadili.

Bi Sikudhani hakungoja kikao. Alitoka kutafuta daktari. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya Daktari Lusajo, bingwa wa upasuaji, akitabasamu na mikono yake imekunjwa kifuani.

"Huyu yuko wapi?" alimuuliza binti wa mapokezi.

"Yuko Hospitali ya Wananchi, mama. Atahamia hapa tukishazinduliwa."

"Hamjazinduliwa?"

Binti akampeleka mwisho wa ukumbi. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimekamilika, kinang'aa, mashine zake zikiwa bado kwenye nailoni. Mlangoni palifungwa utepe mwekundu wenye ua, na pembeni palikuwa na jiwe la msingi lenye jina la Mtukufu na nafasi ya tarehe. Utepe wa hadhi hiyo hukatwa na Mtukufu peke yake, na Mtukufu alikuwa kwenye meno. Gari la wagonjwa nalo lilikuwa uani, jipya, limefungwa utepe puani.

"Kwa hiyo hapa mnafanya nini?"

"Tunapokea," alisema binti kwa majivuno kidogo. "Kwa mapokezi tumepata cheti."

Bi Sikudhani alimpigia Bwana Kipingu, na Bwana Kipingu alifurahi mno.

"Mgonjwa wa kupasuliwa! Mgeni! Bi Sikudhani, nyota yako imeng'aa. Mheshimiwa Waziri ataomba kwa simu kibali cha kukata utepe, tuzindue leo leo saa kumi jioni. Kwaya ipo, ngoma ipo, hotuba nimeshaiandika tangu mwaka jana. Mgonjwa asiguswe!"

"Na tumbo lake?"

"Mwambie astahimili. Anaweka historia."

Bi Sikudhani alikata simu akakaa kwenye kiti cha ngozi. Alikuwa na kaka mmoja tu wa damu, na kidole tumbo ndicho kilichomwondoa, kijijini kwao, mbele ya zahanati mpya iliyokuwa na kila kitu na utepe mlangoni. Mgeni rasmi alikuwa njiani. Alikuwa njiani siku mbili, na kaka akamaliza yake kabla mgeni rasmi hajafika. Tangu hapo Bi Sikudhani hakuweza kuona utepe mwekundu bila kumkumbuka.

Alirudi chumbani akavuta shuka.

"Mwanangu, inuka. Tunakwenda kwa daktari."

"Lakini hapa ni hospitali," alisema Torvik.

"Hapa ni picha yake. Inuka, nishike bega."

*

Walikwenda kwa bajaji. Torvik alikunjwa ndani, mguu mmoja ukabaki nje ukipunga upepo. Dereva aliwatazama kwenye kioo.

"Mama, huyu ni nani yako?"

"Mtoto wa kaka yangu."

Dereva akatazama tena kwa makini, kama anavyotakiwa kufanya mtu mwenye malezi.

"Naona. Mmefanana hapa kwenye paji la uso."

Hospitali ya Wananchi haikuwa na chemchemi, ila dari ilivuja sehemu nyingi. Ukumbi ulikuwa umejaa. Sista Eufrasia, muuguzi wa zamu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele ya shule, hakuinua hata uso.

"Nani anamuuguza?"

"Mimi."

"Ndoo mnayo? Shuka? Glavu?"

"Kanga ninayo. Vingine vitapatikana."

Hapo Sista akainua uso, akamwona Torvik kwa urefu wake wote.

"Huyu si mgeni huyu? Wageni ni Kituoni. Ndiyo sheria."

"Sheria inasema mgeni ni asiye na ndugu. Huyu ana shangazi."

"Shangazi yuko wapi?"

"Huyu hapa anaongea nawe."

Sista Eufrasia aliisoma kanga ya kobe, akaisoma tena, akaanza kucheka taratibu mpaka kofia ikalegea. Ikawa wazi kwake, na sasa iwe wazi kwa msomaji, kwamba Serikali ya Afadhali, katika ukarimu wake, ilikuwa imempa kila mgeni ndugu, na kwa kufanya hivyo ilikuwa imewafuta wageni wote nchini pasipo mtu yeyote wizarani kugundua.

"Basi mwenye shangazi si mgeni," alisema. "Kaeni kwenye foleni."

Sasa foleni ya Wananchi ina taratibu zake. Daktari ni mmoja na wagonjwa ni ukumbi mzima, hivyo huanza na yule ambaye ndugu zake wanapiga kelele zaidi. Wanaonyamaza huchukuliwa kwamba wana nafuu. Torvik aliketi wima kwenye benchi, midomo imegeuka rangi ya majivu, kimya.

"Lia," Bi Sikudhani alimwambia.

"Samahani?"

"Lia mwanangu. Unaumwa kiasi gani?"

"Wastani."

"Wa wastani hapa wanarudishwa nyumbani! Toa sauti."

Torvik alikusanya nguvu, akatazama kulia na kushoto, akasema "aah" kwa sauti ya mtu anayeonja chai. Bi Sikudhani aliona kwamba akimtegemea huyu atamzika. Akafunga kanga kiunoni, akajishika kichwa, akaanza.

"Jamani mtoto wa kaka yangu! Jamani damu yangu! Nitamwambia nini baba yake, mzee wa watu, yuko huko kwenye barafu, kaniachia mtoto akiwa mzima!"

Kwenye benchi la pili palikuwa na ukoo mzima uliomleta mzee aliyevunjika mguu kwa kuanguka kutoka kwenye bango la Wizara. Mzee wao alikuwa ameshafungwa plasta, na sauti zao zilikuwa bado hazijatumika zote. Wakasogea.

"Mama, huyu wenu?"

"Wetu."

"Mmefanana pua," alisema bibi mmoja, akamkamata Torvik mkono, na ukoo wote ukapokea kilio. Mwingine akatoa glavu zilizobaki. Kijana wao akaenda kutia dizeli kwenye jenereta. Ukumbi ukatikisika, dari ikadondosha kipande, na Daktari Lusajo akatokea, bila tabasamu la ile picha, koti likiwa na doa la chai. Akabonyeza tumbo la Torvik upande wa kulia, akaachia ghafla. Torvik akaruka.

"Kidole tumbo hiki kinakaribia kupasuka," alisema. "Ndani, sasa hivi."

Machela ilikuwa imeshafika mlango wa chumba cha upasuaji, Sista akivuta mbele na Bi Sikudhani akisukuma nyuma, mara Bwana Kipingu akaingia mbio, suti ya vipande vitatu, saa mkononi, nyuma yake askari wa itifaki aliyebeba mkasi juu ya mto wa hariri.

"Simamisheni! Bi Sikudhani, umetorosha mgonjwa wa taifa! Kwaya inapigwa jua!"

"Huyu si mgeni, mzee," alisema Sista Eufrasia. "Ana shangazi."

"Alikuwa naye." Bwana Kipingu akainua saa yake ili ukumbi wote uione. "Ni saa tisa na nusu. Ofisi imefungwa. Kuanzia sasa mama huyu si shangazi wa mtu, na huyu bwana ni mgeni kamili. Mgeuzeni."

Sheria ni sheria, na askari aliishika machela. Bi Sikudhani alikuwa na miaka michache tu afikie kiinua mgongo, na paa la nyumba yake lilikuwa linakingoja. Akamtazama Torvik, ambaye alijaribu kumwambia kwa macho kwamba asisumbuke.

Akafungua kanga ya kobe kiunoni. Akaikunja vizuri, pindo kwa pindo, akaiweka juu ya mto wa hariri kando ya mkasi.

"Hiyo ni ya serikali, nimeirudisha," alisema. "Serikali imekwenda kwao kupumzika. Mimi bado nipo."

Chini yake alikuwa amevaa kanga yake mwenyewe, ya nyumbani, imepauka kwa kufuliwa, na jina la kanga lilisomeka vizuri tu: UNDUGU KUFAANA SI KUFANANA.

"Hiyo si hati," alisema Bwana Kipingu. "Nitamuuliza mgonjwa mwenyewe, ni msomi. Bwana Torvik, mbele ya mashahidi hawa, mama huyu ni nani yako?"

Wakati huohuo askari akaivuta machela, gurudumu likagonga kizingiti, na maumivu yakampanda mhandisi yule kutoka tumboni hadi utosini. Adabu yote ya nchi za baridi ikamtoka. Alifungua kinywa na kupiga ukelele ambao wagonjwa wa wodi ya juu waliusikia.

"SHANGAZIII!"

Sista Eufrasia alimgeukia Bwana Kipingu.

"Umesikia? Mtu akizidiwa hamwiti mwajiriwa wa mtu."

Ukoo wa mzee wa mguu ukasogea ukaziba njia, na mlango ukafungwa.

*

Uzinduzi haukuahirishwa, kwa kuwa kwaya ilikuwa imeshakunywa soda. Mheshimiwa Makorongo, Waziri wa Afya na Sura ya Nchi, alikata utepe saa kumi kamili na kuhutubia hadi jua likazama.

"Ndugu wananchi," alisema, "leo Afadhali imeingia katika ramani ya tumbo duniani!"

Kwa kuwa mgonjwa hakupatikana, Mheshimiwa mwenyewe alijitolea kulala kitandani kama mgonjwa wa mfano. Godoro lilikuwa jipya na kiyoyozi kilifanya kazi, akapitiwa na usingizi. Magazeti ya asubuhi yaliandika kwamba upasuaji wa kwanza umefana kiasi kwamba mgonjwa hakuhitaji kupasuliwa.

Torvik alizinduka katika wodi ya Wananchi, kitanda kimoja na yule mzee wa mguu, wamelazwa mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, na safari hii mzungu alikuwepo kweli. Bi Sikudhani alikuwa chini kwenye mkeka, anakoroga uji.

"Nimesumbua watu wengi sana," alisema Torvik.

"Sana tu. Kunywa."

Hakuachwa peke yake hata dakika moja. Ukoo wa mzee ulimwombea, ukamlisha, ukamuuliza kwa nini hajaoa, ukamtafutia wachumba wawili. Siku ya tatu alilalamika kwa sauti kwamba uji umepoa, na Bi Sikudhani akafurahi mpaka machozi yakamlenga, kwa sababu alijua kwamba amepona.

Habari zilienea. Wageni wa mji mzima wakaacha kuulizia Kituo, wakawa wanakuja Hospitali ya Wananchi na ndoo zao mkononi, wakiuliza mashangazi wanapatikana wapi na kama kuna wa zamu ya jioni. Kituoni walibaki samaki na kinanda. Bi Sikudhani alipata barua ya kumwita wizarani ajibu shitaka la kuendeleza undugu nje ya saa za kazi.

*

Alikwenda akiwa amejiandaa kufukuzwa. Badala yake Mheshimiwa Makorongo alimvutia kiti mwenyewe, na Bwana Kipingu akamtilia chai.

"Bi Sikudhani," alisema Waziri kwa sauti ya chini, akitazama mlango, "Mtukufu amepiga simu usiku. Yale meno... si meno."

"Sikudhani kama ni meno, mheshimiwa."

"Ana chumba kizuri kabisa huko. Kinatazama ziwa. Kitanda kinapanda na kushuka chenyewe, chakula kinaletwa kimefunikwa. Lakini anasema tangu afike hakuna mtu aliyempa pole. Wanamwita kwa namba ya chumba. Amesikia habari za yule mhandisi. Anaomba apelekewe shangazi. Ndege inakungoja. Utapandishwa Daraja la Kwanza, bila ukomo wa saa."

Bi Sikudhani aliweka kikombe chini. Alidhani angecheka, lakini hakucheka. Alimwona yule mtu wa kwenye mabango, mkubwa kuliko nyumba, amelala mbele ya ziwa la watu, anaogopa, na hakuna hata wa kumwambia amekonda. Alimhurumia kama alivyomhurumia Torvik.

"Masikini," alisema. "Mgeni kabisa."

"Kwa hiyo utakwenda?"

"Siendi. Mwambieni arudi nyumbani." Akainuka, akajifunga kanga yake vizuri. "Daktari yupo, uji nitampikia mwenyewe, na kulia nitamlilia mpaka aitwe kwa daktari. Kitandani watabanana na mwenzake. Ila aje na shuka lake, na ndoo asisahau."

Bwana Kipingu, kwa mazoea, alitazama saa.

"Nimwambie afike saa ngapi?"

"Saa yoyote," alisema Bi Sikudhani. "Shangazi yupo."